Daftari Lililolala Kwenye Chumvi

Nimekula chumvi nyingi, miaka sabini na nne, na miwili ya mwisho nimeila peke yangu. Mke wangu Zefa alifariki mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika kiunoni. Gari la wagonjwa lilisimama chini darajani kwa muda wa saa mbili na nusu, kwa sababu mkoa ulisema barabara ya kupandia kwetu ni ya manispaa, manispaa ikasema ni ya mkoa, na lile gari la kusukuma theluji likakaa gereji likisubiri kuambiwa baba yake ni nani. Baada ya mazishi Meya alinitumia barua ya rambirambi kwa lugha nne: Kitaliano, Kijerumani, Kislovenia na Kifriuli. Kila lugha na muhuri wake. Barua haikukwama darajani hata dakika moja.

Lugha nne si ajabu huku bondeni. Kijiji chetu cha Planja kina nyumba arobaini na moja na majina matatu, maana kila aliyekuja kututawala alikuja na jina mfukoni. Babu yangu alizaliwa chini ya mfalme wa Vienna, akaoa chini ya mfalme wa Roma, na siku zote mbili alitokea mlango uleule. Jina lake la ukoo walilibadilisha bila kumuuliza, kama mtu anavyombadilishia ng'ombe kengele. Ndiyo maana hapa hatuitani kwa majina ya kwenye karatasi. Tunaitana kwa jina la nyumba, ambalo serikali haijalifikia bado. Mimi ni Folti wa kwa Šranc. Shule niliiacha darasa la tano nikaenda msituni na msumeno, na sijaona mti ulioniuliza cheti.

Zefa hakunipita sana kwa shule. Alinipita kwa masikio. Miaka thelathini aliuza viatu na makoti ya ngozi kwenye kibanda cha soko la mpakani. Asubuhi anamvalisha kiatu Mwaustria, mchana Myugoslavia, jioni anabishana na mama wa kutoka Udine anayedai koti limepauka. Huko ndiko alikogundua jambo. Neno likiwa refu, wateja hawaelewani. Likiwa fupi wanaelewana bila mkalimani. Chumvi: sale, Salz, sol, sâl. Pua: naso, Nase, nos, nâs.

"Folti, hebu sikia," aliniambia jioni moja akikoroga ugali wa njano. "Haya maneno ni ndugu."

"Ndugu wa nani?"

"Ndugu wao kwa wao. Huoni walivyofanana? Mama mmoja hawa."

"Na kodi je? Nayo ina ndugu?"

Akasimamisha mwiko. Akaitaja kodi kwa Kitaliano, akaitaja kwa Kijerumani, akaitaja kwa Kislovenia. Tassa, Steuer, davek. Hakuna aliyefanana na mwenzake hata kwa kucha.

"Kodi haina ndugu," akasema. "Kila serikali ilijizalia ya kwake."

Tulicheka mpaka ugali ukashika chini.

Ndipo akaanza daftari. Lilikuwa daftari la shule la mistari, jalada la buluu. Aliandikia penseli ya wino aliyopewa na askari mmoja wa forodha kwa kumshonea vifungo vya koti, zile penseli za zamani ambazo zikiwa kavu zinaandika kijivu cha kawaida, ukizilowesha zinageuka zambarau na hazitoki hata kwa sabuni. Watu wa forodha walizipenda kwa sababu hiyo. Zefa akitaka neno likolee aliilamba ncha, akazunguka na ulimi wa zambarau siku tano. Lakini mara nyingi aliandika kavu. Alisema ina ladha ya msumari.

Kila neno alilitafutia mtu wake pembeni. Kando ya pua aliandika jina la padre. Kando ya neno tatu aliandika majina ya kuku wetu watatu. Kando ya "wewe", yaani tu, du, ti, tu, aliandika Folti. Hakuongeza kitu. Zefa hakuwahi kuniandikia barua; tulilala kitanda kimoja miaka arobaini na sita, barua ya nini? Kwa hiyo duniani humu hakuna karatasi nyingine ambayo mkono wa Zefa umenitaja.

Daftari alilihifadhi ndani ya kisanduku cha chumvi kilichotundikwa kando ya jiko, chini kabisa, chumvi juu yake.

"Kwa nini humo?" nilimuuliza.

"Ndiyo sehemu pekee ambayo panya haingii na wewe huchokonoi."

Likalala humo miaka na miaka, mpaka jalada likakakamaa na kingo zikawa nyeupe.

Sasa njoo kwa wakubwa. Siku walipoondoa vizuizi vya mpakani walikata utepe, bendi ikapiga, na soko la Zefa likaanza kufa kabla bendi haijamaliza wimbo wa pili. Nani avuke milima kununua kiatu ambacho sasa kinauzwa kwao? Nyumba ya forodha ikabaki tupu, njiwa wakahamia. Ikakaa hivyo miaka, hadi fedha za Ulaya zilipoonekana kwa mbali na Meya wetu, Ottavio Zamolo, akapata maono. Nyumba ya forodha iwe Nyumba ya Maneno. Tuonyeshe ulimwengu kwamba sisi wa bondeni ni ndugu kwa sababu chumvi yetu inaitwa karibu sawa. Watu arobaini walikuwa wamepoteza kazi sokoni, wakapewa undugu.

Wakamleta Profesa Wieland, mtu mrefu, mwembamba, viatu vya mlimani vipya kabisa. Alipita nyumba kwa nyumba na kinasa sauti. Kwangu alikuja wakati wa chakula, nami sina ugomvi na mtu mwenye njaa. Nilimpa soseji na kabichi chachu. Akala, akanieleza habari za watu wa zamani sana waliokuwa na farasi na mikokoteni, waliosambaa Ulaya nzima, na kwamba maneno haya mafupi yote ni watoto wa lugha yao. Akaniandikia kwenye karatasi neno lao la chumvi. Mbele ya neno akaweka nyota ndogo.

"Nyota ya nini hii?"

"Nyota maana yake neno hili hakuna aliyewahi kuliona limeandikwa popote, mzee. Wale watu hawakuandika. Tumelikadiria."

"Mmelikadiria."

"Kwa ushahidi! Kwa kulinganisha watoto wake."

"Na mkishaliwekea nyota, linakuwa la kweli?"

"Hapana, hapana. Nyota ndiyo uaminifu wetu. Inasema: jamani, hatujaliona."

Nikajiambia, kumbe wasomi wana haya kuliko nilivyodhani. Meya akiahidi barabara haweki nyota.

Kwa sababu hiyo nikamwamini, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Nikafungua kisanduku, nikakung'uta chumvi, nikamwonyesha daftari. Alikaa chini kama mtu aliyepigwa na jua. Akalamba kidole kugeuza ukurasa, akalamba tena, akalamba tena, uso umemng'aa, mwenyewe hajui kinachomnogea ni elimu au ni chumvi.

"Alisoma chuo gani mkeo?"

"Cha viatu."

"Mzee Folti, nakuomba. Niazime kwa wiki mbili. Nipige picha, nikurudishie."

Kosa la pili lilikuja kesho yake kwa miguu miwili: Edvige, katibu wa utamaduni wa manispaa, na fomu ya kurasa kumi na mbili, tatu kwa kila lugha. Nikamuuliza nisaini wapi. Msinicheke. Watu wa bonde hili tumeshasainishwa kila kitu: uraia, majina, kuhama, kutohama. Bibi yangu alisainishwa kwenda Ujerumani, asubuhi yake akasainishwa kubaki. Anayekuja na karatasi sisi hatumuulizi imesema nini. Tunamuuliza ni wapi, ili aondoke upesi. Kwa kuwa fomu ilikuwa na lugha zote nne, nilijisemea kama kuna ubaya ndani, basi angalau moja ingeniambia.

Wiki mbili zikaisha. Mwezi ukaisha. Nyumba ya Maneno ikafunguliwa kwa matayarisho, nikaenda. Daftari la Zefa lilikuwa ndani ya kabati la kioo. Kwenye kona ya jalada walikuwa wamegonga muhuri na namba. Chini yake kibao: "Daftari la maneno. Mali ya manispaa. Mwandishi: mwanamke wa hapa." Na ukutani bango kubwa kuliko mlango wa zizi: "Maneno haya yamekusanywa kwa juhudi za Mheshimiwa Ottavio Zamolo, Meya."

Edvige alikuwa pale akifuta kioo.

"Mama, lile daftari ni langu."

"Lilikuwa lako, mzee. Ulisaini kulitoa moja kwa moja. Ukurasa wa pili, kifungu cha nne. Kipo kwa lugha zote."

"Niliambiwa wiki mbili."

"Nani alikuambia? Profesa? Profesa si manispaa."

"Na huyo mwanamke wa hapa? Jina hana?"

"Tungeweka jina lake ingebidi kamati iamue liandikwe kwa tahajia ya lugha gani. Zefa, Josefa, Giuseppina... Tungekaa mwaka mzima. Unajua kamati zetu."

Nazijua. Nikaenda kwa Meya mwenyewe, nikangoja kwenye kiti cha plastiki. Alinipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea tikiti maji.

"Mzee wangu Folti! Mkeo ni fahari yetu sote!"

"Nirudishie daftari lake basi, Mheshimiwa. Fahari ubaki nayo."

"Lile sasa ni urithi wa Ulaya, mzee. Mimi na wewe ni nani mbele ya Ulaya?"

"Mimi ni mume wake."

"Unaweza kuja kulitazama kila Alhamisi. Wazee hawalipi."

Nilikwenda Alhamisi mbili. Lilikuwa limefunguliwa kwenye ukurasa wa chumvi. Ukurasa wa "wewe" ulikuwa umbali wa karatasi nne, chini ya kioo, na mgambo Lino anasema usiegemee.

Nilikwishakata tamaa, wallahi, kama si sikukuu ya kijiji. Sikukuu yetu ni mwisho wa mwezi wa nane. Vijana ambao hawajaoa wanapanda farasi bila tandiko, wanapita mbio na nyundo za chuma kupiga pipa lililochomekwa kwenye nguzo mpaka lipasuke, halafu kuna ngoma. Imekuwa hivyo tangu kabla ya wafalme wote wawili. Mwaka huu Meya akaona pipa halitoshi. Televisheni inakuja. Akataka baada ya pipa kuwe na onyesho: wakubwa wanne wasimame uwanjani, kila mmoja amwite ng'ombe kwa neno la chumvi katika lugha yake, ng'ombe aje, watu waone undugu kwa macho.

Kamati ilikaa vikao vinne kuamua nani aanze kuita. Profesa akapendekeza wafuate mpangilio wa alfabeti. Wakamuuliza, alfabeti ya nani? Kikao cha tano wakakubaliana waite wote kwa pamoja.

Ikabaki ng'ombe. Planja nzima ilikuwa na mmoja tu anayekamuliwa, Šeka wangu, mwenye mabaka. Wengine waliuzwa zilipokuja kanuni za maziwa, kanuni zilizoandikwa na watu ambao ng'ombe wanamwona kwenye kopo. Meya akapanda mwenyewe hadi kwangu, suruali yake ameikunja kwa vidole viwili.

"Mzee wangu, tuazime ng'ombe wako Jumapili."

"Fomu iko wapi?" nikamuuliza.

Akacheka. "Aa, mimi na wewe fomu ya nini?"

"Daftari nitapewa?"

"Baada ya sikukuu tutaliangalia suala hilo kwa jicho la huruma."

Hapo nikajua silipati. Jicho la huruma la Meya nilishaliona. Ndilo lililowahi kuangalia barabara yetu. Lakini mlango wa gari lake ulikuwa wazi, na kwenye kiti cha nyuma niliona maboksi ya pakiti ndogo za nailoni, nyeupe, zimebandikwa picha ya Nyumba ya Maneno.

"Na hizo?"

"Chumvi! Zawadi kwa wageni. Na waheshimiwa watashika hizo hizo wakati wa kuita, zinapendeza kwenye kamera."

Zimezibwa kwa moto, pembe zote nne. Nikazitazama. Nikamtazama Šeka. Kitu kikatulia kichwani mwangu, kama nyundo inapokaa vizuri mkononi.

"Mheshimiwa," nikasema, "ng'ombe chukua. Ila nina ombi dogo. Daftari la marehemu liwekwe pale mezani siku hiyo, wazi, si ndani ya kioo. Nimwone mke wangu sikukuuni."

Akaguswa. Au aliona picha itakavyokaa kwenye televisheni. "Mzee wangu, hilo tu? Nalitoa mwenyewe!"

Tangu siku ile mpaka sikukuu zilikuwa siku kumi na sita. Siku kumi na sita Šeka hakuonja chumvi kwa mkono wangu. Alinitazama kila asubuhi kama mlipakodi. Alilamba ukuta, alilamba kola yangu ya jasho, alilamba msumari. Nilimwambia vumilia mama, utalipwa na manispaa.

Jumapili ikafika. Pipa lilipasuka mzunguko wa saba, mtoto wa mwokaji mikate akashinda taji. Uwanja umejaa, soseji zinachomwa, moshi umeelekea kwa waheshimiwa kama kawaida ya moshi wenye akili. Wamesimama wanne: Meya wetu, diwani mmoja kutoka upande wa Austria, naibu mkuu wa wilaya wa upande wa Slovenia aliyevaa tai yenye nyuki, na mwenyekiti wa chama cha Kifriuli, mtu mnene anayetweta hata akikaa. Kila mmoja na pakiti yake. Nyuma yao meza ya kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa daftari la Zefa, limefunguliwa. Profesa Wieland na kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana! Neno mtakalolisikia limesafiri maelfu ya miaka kufika hapa!"

"Na gari la theluji linafika lini?" akauliza Urša wa kwa Kolar, jirani yangu, mwanamke ambaye hajawahi kunong'ona maishani. Watu wakaguna kicheko. Meya akatabasamu kwa meno ya mbele.

Nikamfungua Šeka kamba.

"Sale!" akaita Meya.

"Salz!" akaita diwani.

"Sol, sol!" akaita mwenye nyuki.

"Sâl!" akaita mwenyekiti, akakohoa.

Šeka akasimama katikati ya uwanja, akawatazama mmoja mmoja. Wakatikisa pakiti. Nailoni ikapiga kelele chwa-chwa-chwa. Masikio yake yakarudi nyuma.

"Anatafakari!" akasema Profesa kwenye kipaza sauti.

"Mwiteni kwa Kilatini!" akapaza Urša. "Labda ng'ombe wa padre huyo!"

Wakaita tena, kwa nguvu, kila mmoja akijaribu kumzidi jirani yake, undugu umegeuka mnada. Na Šeka akainua pua. Akavuta hewa mara mbili. Kisha akaanza kutembea, taratibu, kwa heshima zote. Akampita diwani. Akampita mwenye nyuki. Mwenyekiti akarukia pembeni. Meya, kamera zikiwa usoni, akanyoosha mkono kumshika pembe kama rafiki wa siku nyingi, na Šeka akampitia kwenye kiatu.

Akafika mezani. Akatoa ulimi, na ulimi wa ng'ombe mnaujua ulivyo, taulo zima. Akalamba ukurasa wa chumvi kutoka juu hadi chini. Akalamba wa pili. Akageuza mwenyewe kwa pua, akaendelea, karatasi baada ya karatasi, ukadhani anasoma; nadhani ndiye msomaji makini kuliko wote ambao lile daftari limewahi kuwapata. Mwisho akaibana kona ya jalada kwa meno, akavuta, akatafuna.

"Mzuieni!" Meya anapiga kelele. "Zimeni kamera! Zimeni!"

"Namba!" Edvige analia. "Amekula namba! Amekula muhuri!"

"Basi, Mheshimiwa," akasema Urša, na uwanja mzima ukamsikia, "sasa ng'ombe ndiye mali ya manispaa. Mtieni kwenye kioo!"

Watu walicheka mpaka farasi wakashtuka. Mimi nilimshika Šeka kamba nikamvuta kando, uso nimeukunja kwa majonzi kama mfiwa, jambo ambalo silihitaji kujifunza.

Profesa aliwahi kuliokota daftari. Kurasa zilikuwa zimelowa chepechepe, na zambarau ilikuwa imeanza kuchanua kila mahali ulimi ulipopita.

"Wino umechuruzika," akasema Edvige akifuta machozi. "Limekwisha. Limeharibika lote."

Profesa akaangalia ule ukurasa. Akausogeza karibu na macho. Kisha akaniangalia mimi, nami nikamwangalia yeye. Mtu aliyefanya kazi kwenye maktaba miaka yote ile hawezi kuwa hajui penseli ya wino inafanya nini ikiloweshwa. Akalifunga daftari.

"Ndiyo," akasema. "Hasara kubwa."

Siku ile nilimheshimu, mara ya kwanza na ya mwisho.

Kamati ilikaa Jumatatu, upesi kuliko ilivyowahi kukaa kwa jambo la mtu aliye hai. Ilibidi. Fedha za Ulaya zina wakaguzi, na kitu chenye namba kikiharibika lazima atafutwe mwenye kosa. Lakini namba yenyewe ilikuwa tumboni, na kitu kisicho na namba hakijawahi kuwepo. Wakaliondoa kwenye orodha. Nikaletewa barua ya lugha nne, na safari hii nilimtafuta Urša anisomee lugha zote nne kabla sijafungua mdomo. Ilisema daftari ni takataka na manispaa haina dai nalo.

Mgambo Lino ndiye aliyelileta, kwenye mfuko wa plastiki, kwa vidole viwili.

"Edvige kasema ukalitupe mwenyewe, mzee. Kutupa takataka za ofisi kuna utaratibu, na yeye anakwenda likizo."

"Mwambie nitalitupa."

"Pole, Mzee Folti."

"Asante, mwanangu. Mungu ndiye ajuaye."

Nilifunga mlango. Nikaliweka kwenye waya wa juu ya jiko ambapo Zefa alikuwa anakaushia uyoga, nikageuza karatasi moja moja kwa kisu cha siagi. Kona ilikwisha, na kuku wawili kati ya watatu walikuwa wameliwa. Padre alibaki na pua yake. Mwandiko uliokuwa kijivu, niliokuwa nausoma kwa kukisia tangu macho yalipoanza kuchoka, sasa ulikuwa zambarau kali, umetambaa kidogo pembeni lakini umesimama, na hautatoka tena hata kwa sabuni. Ukurasa wa tano ulikauka wa mwisho. Tu, du, ti, tu. Folti.

Nilikaa nao mpaka jiko likapoa.

Šeka nilimpa bonge zima la chumvi, si la nailoni. Kisha nikalirudisha daftari kisandukuni, chumvi juu, na chini kabisa ya kisanduku vidole vyangu vikagusa kitu. Kipande cha penseli, urefu wa kidole gumba.

Alhamisi nikashuka Nyumba ya Maneno. Wazee hawalipi. Kabati la kioo lilikuwa tupu na kibao kimegeuzwa. Lino alikuwa nje anavuta sigara. Bango bado lilikuwa ukutani: yamekusanywa kwa juhudi za Mheshimiwa Ottavio Zamolo, Meya. Nikatoa penseli, nikailamba vizuri. Kweli ina ladha ya msumari. Mbele ya jina la Mheshimiwa, kwa mkono wa darasa la tano lakini bila kutetemeka, nikachora nyota.

Siku ya pili yake Lino alikuja kwangu na daftari lake la maswali. Walikuwa wamesugua bango kwa sabuni, kwa spiriti, kwa dawa ya kufutia madirisha, na nyota inazidi kung'aa.

"Mzee Folti, wewe ndiye mgeni pekee tuliyempata Alhamisi. Hukuona mtu na kalamu ya zambarau?"

Nikatikisa kichwa.

"Hata mmoja?"

Nikatikisa tena.

"Mbona leo husemi, mzee? Unaumwa koo?"

Nikaonyesha koo langu kwa kidole, nikaitikia kwa kichwa, midomo nimeibana kama mlango wa manispaa saa sita mchana. Akanitakia nafuu akaenda zake. Ilinibidi niufiche ulimi hivyo hadi Jumanne.